Kereng'ende Juu ya Majamvi ya Karafuu

Wanachama kadhaa wametuletea swali moja, nalo ni hili: wale kereng'ende wanaozunguka makundi kwa makundi juu ya majamvi wakati wa kuanika, je, wanaharibu karafuu? Na mmoja wao ameongeza: je, yafaa wapigwe dawa? Tutajibu kwanza kwa ufupi, kisha tutaeleza kwa urefu, maana mdudu huyu anastahili somo zima.

Hawaharibu. Kereng'ende hali karafuu, wala jani, wala ua, wala tunda. Kinywa chake kimeumbwa kutafuna nyama, na nyama yake ni wadudu wenziwe: mbu, visubi, nzi, kumbikumbi, na mara nyingine vipepeo na nyuki. Huzunguka kwenye uwanja wa kuanikia kwa kuwa ni mahali peupe penye joto, na vidudu vidogo vidogo huelea hapo hewani. Ama kumpiga dawa, hilo ni kosa mara mbili. Yeye arukaye ni nadra dawa kumpata, bali itaangukia karafuu. Na karafuu yenye mabaki ya sumu ni mali iliyokwisha haribika, kwani mnunuzi wa ng'ambo akiipima akaiona, ataikataa. Mwenye karafuu atakuwa amejitia hasara kwa kumfukuza mgeni asiyekula hata konyo moja.

Iko dalili nyingine inayowatia watu shaka. Mtu hutandika karatasi ya plastiki nyeusi, au huegesha gari karibu na uwanja, kisha humwona kereng'ende akishuka na kugonga ncha ya tumbo lake juu ya plastiki au juu ya bati la gari, tena na tena. Si kwamba anauma wala anatia uchafu. Anataga mayai. Kereng'ende huyajua maji kwa namna mwanga unavyorudi kutoka juu yake, na kitu cheusi kinachong'aa humrudishia mwanga wa namna ile ile, basi hudanganyika akadhani amefika ziwani. Mayai yale hukauka na kufa. Hii ni sababu moja zaidi ya kupenda jamvi kuliko plastiki, ingawa kwa mkulima ziko sababu kubwa kuliko hiyo.

Sasa tumwangalie mwenyewe. Kereng'ende ana miguu sita kama wadudu wote, na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kile kirefu cha nyuma ambacho watoto hukiita mkia si mkia, ni tumbo, nalo lina pingili kumi. Mwishoni hapana mwiba wa sumu. Wale wakubwa wakishikwa huweza kufinya kidole kwa meno, lakini maumivu yake hayafiki hata nusu ya maumivu ya majimoto, na aliyepata kupanda mkarafuu wenye kiota cha majimoto hahitaji kuelezwa zaidi.

Macho ndiyo yanayojaza kichwa chake. Kila jicho ni mkusanyiko wa vijicho vidogo vidogo, na katika aina kubwa huweza kufika 30,000 hivi kwa jicho moja, hata akaona mbele, juu, pembeni na karibu nyuma yote kwa wakati mmoja. Mabawa yake ni manne, na kila moja lina misuli yake. Kwa hiyo aweza kusimama hewani, kurudi kinyumenyume, na kugeuka ghafla. Miguu yake haifai kwa kutembea. Imeelekea mbele, ina miiba, naye huikunja pamoja ikawa kama tenga, akamkumba mbu humo angali anaruka. Tena hamfuati mbu pale alipo. Humwendea pale atakapofika, kama mchezaji hodari anayeukimbilia mpira pale utakapoangukia. Katika majaribio yaliyofanywa na wataalamu, kereng'ende alifaulu zaidi ya mara 90 katika kila mara 100 alizojaribu kukamata. Simba angeona wivu.

Duniani ziko aina zaidi ya 6,000 za wadudu hawa, nao wamegawanyika katika mafungu mawili makubwa. Sisi katika somo hili tutawaita kereng'ende wanene na kereng'ende wembamba. Anayetaka kuwatambua na amngojee mdudu atue, kisha atazame mabawa. Mnene hutua mabawa yakiwa wazi, yamenyooka huku na huku kama mikono ya mtu anayepima pima ya kamba. Mwembamba huyafunga yakasimama pamoja juu ya mgongo wake. Tena mabawa ya nyuma ya mnene ni mapana kuliko ya mbele pale yanapoungana na kifua, lakini mabawa ya mwembamba yote manne yanafanana, na shinani ni membamba kama kikonyo. Macho ya mnene aghalabu hukutana juu ya kichwa. Ya mwembamba yameachana mbali, moja huku na moja huku, hata kichwa kikafanana na nyundo. Na mwendo pia hutofautiana: mnene hukata hewa kwa nguvu, mwembamba hupeperuka chini chini kati ya majani na hachoki kutua.

Lakini asiye mwangalifu atakosea, kwani wako wembamba wa ukoo mmoja ambao hutua mabawa nusu wazi, na wako wanene wa ukoo mwingine ambao macho yao hayagusani. Ndiyo maana hatupendi mtu ahukumu kwa alama moja. Atazame mabawa, macho na unene wa mwili kwa pamoja.

Rangi nayo husaidia, lakini hudanganya vile vile. Kereng'ende aliyetoka majini leo huwa na rangi ya kijivu au ya manjano hafifu, na rangi yake ya haki huja baada ya siku kadhaa. Dume na jike wa aina moja mara nyingi hawafanani kabisa. Kwa hiyo anayeanza na aanze na madume waliokomaa, ambao ndio wanaokaa wazi ukingoni mwa maji wakilinda mahali pao na kuwafukuza wenziwao.

Katika aina zinazoonekana pwani ya Afrika Mashariki, tutataja chache ambazo mtu aweza kuzijua bila ya darubini. Yuko mwekundu mwenye mishipa myekundu ndani ya mabawa, Trithemis arteriosa, ambaye jua la mchana likiwa kali huinua tumbo lake wima kuelekea juani. Watu hudhani anajionyesha, kumbe anapunguza joto, kwani akisimama hivyo jua humpata sehemu ndogo tu ya mwili. Yuko mdogo mweusi wa majanini, Diplacodes lefebvrii. Yuko mwenye ukanda mweusi uliopita katikati ya mabawa, Brachythemis leucosticta, ambaye humfuata mtu au ng'ombe anayepita ukingoni mwa maji, akatua chini, akaruka, akatua tena. Huyo anawinda visubi tunaowagutusha kwa miguu yetu. Katika wembamba, wa rangi ya machungwa mwenye macho ya kijani ni Ceriagrion glabrum, na yule mdogo mweusi mwenye doa la buluu karibu na ncha ya tumbo ni Ischnura senegalensis. Jina la huyu wa mwisho likumbukwe, tutalirudia mbele.

Tumekwisha kusema habari za hewani. Lakini maisha ya kereng'ende hewani ni sehemu fupi ya mwisho tu; sehemu kubwa ya umri wake hupita majini, na hapo watu wengi humwona bila ya kumjua.

Jike hutaga mayai katika maji matamu. Baadhi hugusagusa maji kwa ncha ya tumbo, na baadhi, hasa wembamba, huchanja shina la mmea wa majini wakayatia mayai ndani. Mara nyingi utawaona wawili wameshikana, dume amemshika jike shingoni kwa ncha ya tumbo lake. Hamwachi mpaka amalize kutaga, kwa sababu dume mwingine akimpata huweza kuondoa mbegu ya wa kwanza na kutia yake. Wivu wa kereng'ende una sababu.

Yai likianguliwa hutoka mtoto asiyefanana na wazazi wake hata kidogo. Ni mdudu wa rangi ya tope, hana mabawa, ana miguu sita, naye hukaa katika matope, mawe au majani yaliyozama. Mtoto wa mnene ni mfupi mwenye tumbo nene. Huvuta maji ndani ya utumbo wake wa nyuma, na humo ndimo zilimo sehemu za kupumulia. Akitaka kukimbia huyasukuma yale maji kwa nguvu naye akaruka mbele kama ngisi. Mtoto wa mwembamba ni mrefu, na mwishoni mwa tumbo ana vijani vitatu vinavyomsaidia kupumua na kuogelea. Kwa hiyo hata huko majini mafungu mawili haya hayachanganyiki: penye vijani vitatu ni mwembamba, pasipo navyo ni mnene.

Silaha ya mtoto huyu ni mdomo wa chini. Umekunjwa chini ya uso wake kama mkono uliokunjwa kiwikoni, na mwisho wake una koleo mbili. Kiluwiluwi cha mbu kikipita, mdomo hukunjuka mbele kwa ghafla hata jicho lisiweze kuufuata, ukakinasa na kukirudisha kinywani. Hula viluwiluwi vya mbu, minyoo, watoto wa chura, vijisamaki vidogo, hata watoto wa kereng'ende wenzake. Hana huruma wala hachagui.

Naye hukua kwa kujivua ngozi, mara kumi hivi au zaidi. Kipepeo kabla ya kupata mabawa hujifunga akalala usingizi wake, lakini kereng'ende hana usingizi huo. Siku yake ikifika, hasa usiku au alfajiri, hupanda juu ya unyasi au mpunga uliosimama majini, akashika kwa nguvu. Ngozi ya mgongoni hupasuka, na ndani yake hutoka kereng'ende kamili, laini, mwenye mabawa yaliyojikunja kama kitambaa kilichokamuliwa. Hukaa hapo saa kadhaa mpaka mabawa yanyooke na kukauka. Wakati huo hawezi kukimbia, na ndege, chungu na buibui hufaidi. Ganda tupu hubaki limeshika unyasi, na wengi wetu tumeliona bondeni wakati wa kupalilia mpunga bila ya kujua ni la nani.

Sasa tumrudie yule anayezunguka juu ya majamvi. Anayeruka makundi makundi mbali na maji, mwenye mwili wa manjano kama dhahabu na mabawa ya nyuma mapana sana, hasa ni Pantala flavescens, jina alilopewa mwaka 1798. Mwili wake ni sentimita 4 na nusu hivi, na mabawa yakikunjuliwa hufika kama sentimita 8. Akipumzika huning'inia wima kwenye kijiti. Huyu ndiye msafiri mkubwa kuliko wadudu wote tunaowajua wa jamii yake, na safari yake ni habari inayotuhusu sisi watu wa visiwani.

Bwana Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe vya bahari aliyekaa miaka mingi Maldives, alistaajabu kuona kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba kereng'ende kwa maelfu wakifika katika visiwa vile, ambavyo karibu havina maji matamu ya wazi ya kuwalea. Wametoka wapi? Aliandika tarehe zao mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2009 akachapisha fikira yake: hutoka Bara Hindi, hupita Maldives, kisha Shelisheli, na kufika Afrika Mashariki, wakivuka bahari ya kilomita 3,500 hivi. Hapo mvua za vuli huwa zimejaza madimbwi, nao hutaga humo. Watoto wao hawakawii. Katika maji ya joto huweza kukomaa kwa siku 38 hadi 65, kabla dimbwi halijakauka. Kizazi kinachozaliwa hufuata mvua kusini, na kingine hurudi kaskazini, mpaka vitukuu huvuka tena kurudi Bara Hindi. Mzunguko wote alikadiria ni kilomita 14,000 hadi 18,000, nao huchukua vizazi vinne. Hapana kereng'ende mmoja anayeumaliza.

Wazee wetu waliokuwa wakingojea majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na Hindi hawatastaajabu sana kusikia kwamba mdudu naye hungojea upepo. Lakini kuna jambo la ajabu hapa. Kereng'ende hufika Maldives wakati upepo wa chini, unaosukuma tanga, bado haujageuka. Anderson alieleza kwamba wao hupanda juu zaidi ya mita 1,000, ambako upepo wa kutoka kaskazini mashariki umekwisha anza. Na upepo ni lazima: mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba mafuta anayobeba mwilini yangemtosha saa 90 hivi za kuruka na kuelea, basi asipochukuliwa na upepo hafiki. Hivyo mgeni wa kwenye jamvi huenda alianguliwa katika dimbwi la Bara Hindi, au huenda ni mzaliwa wa bonde la jirani. Kwa kumtazama kwa macho hatuwezi kumjua.

Wengine watauliza: je, kereng'ende watatuondolea mbu? Tusidanganyane. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya jaribio la Yangon, nchini Myanmar, ambako watoto wa kereng'ende walitiwa katika vyombo vya maji majumbani, na viluwiluwi vya mbu wa homa ya dengi vikapungua sana kwa muda wa majuma machache. Hiyo ni kweli. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya watu waliowatia kwa mikono katika kila chombo, tena kwa kurudia. Katika bonde au msituni hupunguza mbu, hawawamalizi. Chandarua kibaki pale pale kitandani, na vifuu vya nazi na makopo yanayoshika maji yaendelee kufukiwa.

Jambo tunaloliona kubwa zaidi ni maji yenyewe. Mtu akiosha bomba la dawa katika mto, au akimwaga dawa iliyobaki chemchemini, hatamwona mtoto wa kereng'ende akifa, kwa kuwa hufia matopeni. Ataona tu mwaka wa pili kwamba mto umenyamaza. Na maji yale ndiyo yanayonyweshwa mpunga wetu, ndiyo yanayochotwa na watoto wetu. Maji ya kusuuzia bomba na yarudishwe shambani, yanyunyizwe pale pale palipotiwa dawa, mbali na mto na kisima. Na ukingo wa mto usifyekwe wote mpaka majini, kwa sababu mtoto wa kereng'ende asipopata shina la kupandia hawezi kutoka.

Afrika ya Kusini wamekwisha tunga kipimo cha hali ya mito kwa kuhesabu aina za kereng'ende, kwani ziko zinazotaka maji safi yenye kivuli, na ziko zinazovumilia chochote. Ischnura senegalensis, yule mwembamba mwenye doa la buluu, ni katika wavumilivu. Huishi hata katika maji machafu, na hata penye chumvi kidogo. Basi mwanachama akienda mtoni kwake akaona aina tano au sita, vyema. Akimkuta huyu peke yake, mahali ambapo zamani palikuwa na wengine, na apande juu ya mto aone kumemwagwa nini, au miti gani imekatwa chemchemini.

Miti nayo ina sehemu yake. Katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji yuko mwembamba mkubwa ajabu, Coryphagrion grandis, anayejulikana hasa Shimba Hills na misitu mingine ya pwani. Yeye hatagi mtoni. Hutaga katika maji ya mvua yaliyokusanyika ndani ya matundu ya miti ya zamani, na watoto wake hulelewa humo wakila viluwiluwi vya mbu. Jamaa zake wa karibu wako Amerika ya Kati na ya Kusini, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa. Msitu ukikatwa hana mahali pa kuhamia, kwani mti mchanga hauna tundu.

Mwenye watoto wanaosoma aweza kuwafundisha haya yote kwa chupa moja. Achukue chupa nyeupe yenye mdomo mpana, atie maji ya bondeni na tope kidogo, asimike kijiti kinachotokeza juu ya maji, kisha amtie mtoto mmoja wa kereng'ende, si wawili, maana watalana. Amlishe viluwiluwi vya mbu kila siku na kuhesabu vilivyoliwa. Juu ya chupa afunge kitambaa chepesi, kisije kikazaa mbu kile kisicholiwa. Mtoto akiacha kula na kuanza kukaa kijitini kichwa kikiwa nje ya maji, siku imekaribia. Kitambaa kiondolewe usiku, na watoto waamshwe kabla ya jua kutoka. Wasimguse mpaka mabawa yakauke na aruke mwenyewe. Ganda litabaki kijitini. Walitie katika kiberiti kitupu pamoja na kipande cha karatasi chenye tarehe na jina la bonde.